BARAZA YA NYUMBANI: Kidonge Kilichotoka Bombay



Mwezi uliopita, baada ya sala ya Isha, alikuja kwangu barazani kijana mmoja wa mtaani petu, mwanafunzi wa skuli ya sekondari, naye mkononi ameshika karatasi ya vidonge vya mamake. Mama huyo ana maradhi ya shinikizo la damu, na kila mwezi mwanawe ndiye atumwaye dukani kumnunulia dawa. Akaniambia: "Mwalimu, nimezipindua dawa zote zilizo katika kabati letu, za mama, za bibi, na za mdogo wangu mwenye pumu, na takriban zote zimeandikwa kuwa zimetengenezwa India. Nasi skuli twafundishwa kuwa dawa hizi ziligunduliwa Ulaya na Marekani. Imekuwaje?"

Nilimjibu kuwa swali lake ni fupi lakini jawabu yake ina umri wa miaka tisini, na haimaliziki kwa kikombe kimoja cha kahawa. Nikamwahidi kuwa nitaiandika katika ukurasa huu, ili nao wazee wake waisome. Basi leo natimiza ahadi.

Kwanza yafaa tufahamu jambo moja dogo ambalo wengi wetu hatuliangalii. Kila dawa ina majina mawili. Liko jina la dawa yenyewe, na liko jina la biashara alilolipa mwenye kuiuza. Panadol ni jina la biashara. Dawa iliyomo ndani ni paracetamol, na paracetamol ni ile ile hata ikiuzwa kwa majina kumi na katika makaratasi ya rangi kumi. Chukua karatasi yoyote ya vidonge uitazame: jina kubwa lililopambwa ni la biashara, na yale maandishi madogo chini yake ndiyo dawa. Khabari ninayotaka kuisimulia ni khabari ya ugomvi uliozuka baina ya maandishi makubwa na maandishi madogo, na mmoja katika walioushika ugomvi huo kwa miaka mingi ni kampuni moja ya Bombay iitwayo Cipla.

Aliyeiasisi kampuni hiyo ni Khwaja Abdul Hamied, Mwislamu wa Bara Hindi, aliyezaliwa Aligarh mwaka 1898. Aligarh ni mji ambao jina lake halikosi kutajwa kila inapozungumzwa ilimu ya Waislamu wa Bara Hindi, kwani huko ndiko Sayyid Ahmad Khan alikoanzisha skuli yake mwaka 1875, iliyokuja kuwa chuo na kisha chuo kikuu. Kijana Abdul Hamied alikulia katika hali hiyo ya watu waliokuwa wakijiuliza vipi Waislamu wataishika ilimu mpya bila ya kuipoteza ile waliyorithi. Alisoma ilimu ya kemia, na ilipofika mwaka 1920, Gandhi alipowaita watu wa Bara Hindi waache kushirikiana na serikali ya Waingereza, naye aliitika wito huo. Akawa miongoni mwa vijana walioshughulika na Jamia Millia Islamia, chuo cha Waislamu kilichoanzishwa mwaka ule ule kwa nguvu za wananchi pasipo msaada wa serikali, akafundisha kemia hapo. Katika rafiki zake wa siku zile alikuwamo Zakir Husain, ambaye mwaka 1967 alikuja kuwa Rais wa India.

Mwaka 1924 alisafiri kwenda ng'ambo kuzidisha masomo. Niya ya kwanza ilikuwa Uingereza, lakini aliishia Ujerumani, na hapana ajabu, kwani katika ilimu ya kemia wakati ule Wajerumani ndio waliokuwa mbele ya ulimwengu mzima. Rangi za nguo, mbolea, madawa, vyote vilikuwa vikitoka katika viwanda vyao. Pale Berlin alipata shahada ya udaktari wa kemia. Na pale Berlin, vile vile, alikutana na binti mmoja Myahudi kutoka nchi za Lithuania, jina lake Luba Derczanska, wakaoana mwaka 1928. Mwana wao Yusuf alizaliwa mwaka 1936 katika mji wa Vilna, kwa wazazi wa mamake. Nalitaja jambo hili kwa kuwa ndani ya nyumba ile moja walikaa mume Mwislamu wa Aligarh na mke Myahudi wa Ulaya, katika miaka ambayo Ulaya ilikuwa ikijitayarisha kufanya ukatili usiosahaulika, na mwana aliyelelewa humo ndiye tutakayemsikia baadaye akizungumza habari za watu wanaoachwa wafe.

Abdul Hamied alirudi kwao na ilimu yake, na mwaka 1935 akaandikisha kampuni mjini Bombay kwa jina refu lenye maana ya Maabara za Kemia, Viwanda na Madawa. Herufi za mwanzo za jina hilo kwa Kiingereza ndizo zilizozaa neno Cipla, ingawa neno hilo halikufanywa kuwa jina la sheria mpaka mwaka 1984. Hawakuwa na kiwanda cha kifakhari. Walipanga nyumba ya kuishi watu, bangalo moja katika mtaa wa Bombay Central, wakaanza humo, na dawa za kwanza zikatoka mwaka 1937. Mwaka 1939 Gandhi mwenyewe alikwenda kuwatembelea, akaonesha furaha yake kuwaona wananchi wakijifanyia kazi ile.

Yapasa mtu aelewe hali ya siku zile ndipo ajue uzito wa jambo hili. Dawa karibu zote za maana zilikuwa zikiletwa kwa meli kutoka Ulaya. Vita Vikuu vya Pili vilipoanza mwezi wa Septemba mwaka ule wa 1939, njia za bahari zikawa na hatari, shehena zikapungua, na nchi yenye mamilioni ya wagonjwa ikaona kwamba uhai wa watu wake umo mikononi mwa manahodha wa mbali. Kampuni ya Abdul Hamied ikajitia kutengeneza madawa ya kemikali ambayo hapo kwanza yalikuwa yakinunuliwa nje. Mwenyewe pia alikuwa katika watu walioihimiza serikali iunde baraza la utafiti wa sayansi na viwanda, na baraza hilo likaundwa mwaka 1942. Lipo hata leo.

Ama uhuru ulipopatikana mwaka 1947, wengi walidhani kuwa dawa nazo zitakuwa rahisi. Hazikuwa. Bendera ilibadilika lakini sheria ya hataza ilibaki ile ile ya Waingereza ya mwaka 1911. Na hapa sina budi nisimame kidogo, kwani asiyefahamu hataza hatafahamu lililobaki.

Hataza ni haki anayopewa na serikali mtu aliyevumbua kitu, kwamba kwa muda wa miaka kadha wa kadha asikitengeneze mtu mwingine yeyote ila kwa rukhusa yake. Makusudi yake si mabaya: mtu aliyetoa mali na umri wake kutafuta jambo jipya apate kurudishiwa alichokitoa. Lakini kuna hataza za namna mbili. Chukueni mfano wa halua. Tuseme mpishi mmoja amegundua njia mpya ya kupika halua kwa haraka, na serikali ikamwambia: njia yako hii asiitumie mwingine. Mpishi jirani aweza kutafuta njia yake nyingine akapika halua naye, na watu wakala. Hiyo ni hataza ya njia. Sasa tuseme serikali imemwambia mpishi yule: halua yenyewe ni yako, na mtu yeyote akipika halua, kwa njia yoyote, katika sufuria yoyote, amekuibia. Hiyo ni hataza ya kitu chenyewe. Chini ya sheria ya 1911 makampuni ya Ulaya na Marekani yaliweza kuizuia dawa yenyewe India kwa miaka 16, na mara nyingi wala hawakuitengeneza pale. Waliileta kwa meli na kuiuza kwa bei waliyoipenda. Kamati ya Baraza la Senate la Marekani, chini ya Seneta Kefauver, ilipochunguza bei za dawa kuanzia mwaka 1959, iliona kuwa India, nchi ya mafakiri, ni miongoni mwa nchi ambazo dawa zake zilikuwa ghali kupita zote duniani.

Yusuf Hamied alikuwa amekwenda kusoma Cambridge, kwa mwalimu mkubwa Alexander Todd aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1957, akarudi Bombay mwaka 1960 na shahada ya udaktari wa kemia kama babake. Yeye na wenzake wenye viwanda vya wananchi walianza kuishughulikia sheria hii. Na hapa ndipo inapoingia dawa ya moyo na shinikizo la damu iitwayo propranolol, ambayo kijana wangu wa barazani huenda akaikuta katika makabati ya jirani zake. Dawa hii ni kazi ya mwanachuoni wa Uskochi, James Black, aliyeivumbua akiwa na kampuni ya Kiingereza ya ICI katika miaka ya 1960, na kwa kazi zake alipewa Nobel mwaka 1988. Ni dawa ya kheri kubwa. Cipla ikaitengeneza, na ICI ikalalamika kwa serikali ya India. Yusuf husimulia kwamba alimfikishia Waziri Mkuu Indira Gandhi swali la wazi: je, mamilioni ya Wahindi wanyimwe dawa ya kuokoa maisha kwa kuwa mwenye kuivumbua hataki wawe nayo?

Bunge la India lilipitisha sheria mpya ya hataza mwaka 1970, nayo ikaanza kutumika mwezi wa Aprili 1972. Kwa sheria hiyo, katika dawa na vyakula hapana tena hataza ya kitu chenyewe. Iko ya njia tu, tena kwa miaka isiyozidi saba. Abdul Hamied aliwahi kuiona siku hiyo. Alifariki mwezi wa Juni mwaka ule ule, miezi miwili baadaye. Mungu amrehemu.

Tangu hapo viwanda vya India vilichipuka kama uyoga baada ya mvua. Wanakemia wao walikuwa hodari wa kutazama dawa iliyotoka Ulaya na kutafuta njia nyingine ya kuifikia. Cipla ilijulikana zaidi kwa dawa za pumu za kuvuta, ilizoanza kuzitoa mwaka 1976, na kwa dawa za saratani zitokanazo na mmea. Huenda ile ya mdogo wake kijana wetu imo katika ukoo huo. Yote haya ningeyapita kwa haraka, na nyinyi msingekuwa na sababu ya kuisoma khabari ya kampuni ya Bombay katika jarida la nyumbani kwenu, lau si msiba uliotufika sisi sote.

Maradhi ya ukimwi yalielezwa na matabibu mara ya kwanza mwaka 1981. Mwaka 1987 ilipatikana dawa ya kwanza, zidovudini, iliyosaidia kwa muda kisha virusi vikaizoea. Mwaka 1996 matabibu walitangaza kwamba wameona njia: mgonjwa apewe dawa tatu kwa pamoja. Sababu yake yafahamika kwa urahisi. Virusi hivi vina tabia ya kujibadilisha kila vinapozaana, na vikipigwa kwa dawa moja hutokea vichache visivyoisikia, navyo ndivyo huzaa wengine. Lakini ni shida mno kwa kirusi kimoja kujibadilisha mara tatu kwa wakati mmoja. Kwa dawa hizo tatu watu waliokuwa wamekata tamaa Marekani na Ulaya waliinuka vitandani, wakarejea makazini. Bei yake kwa mgonjwa mmoja ilikuwa dola elfu kumi hadi elfu kumi na tano kwa mwaka.

Mimi nilikuwa na jirani, dereva wa lori, mtu mcheshi na mkarimu. Mwaka 1998 alianza kukonda. Watu tulisema ni kifua kikuu, maana hilo ndilo neno tulilolitumia kusitiri na kujisitiri. Ndugu zake waliambiwa na tabibu kuwa dawa ipo duniani, na bei yake wakatajiwa. Waliuza shamba la minazi la marehemu baba yao, wakapata dawa ya miezi miwili kasoro. Kisha fedha zikesha, na baada ya fedha akesha yeye. Nami nakiri mbele yenu kwamba katika siku zake za mwisho nilikwenda kumtazama, nikaletewa chai, na kikombe sikukigusa. Alikiona nisichokifanya. Wapo katika nyinyi, naamini, walio na ukumbusho kama huu.

Sasa turudi Bombay. Cipla ilikuwa imeitengeneza zidovudini tangu mwanzo wa miaka ya 1990, ikaiuza kwa sehemu ndogo ya bei ya Wazungu, lakini hata bei hiyo hapakuwa na wa kuilipa. Serikali haikununua, na vidonge vilipitwa na muda vikatupwa. Yusuf alilieleza jambo hili mara nyingi kwa uchungu. Aliposikia khabari ya dawa tatu, akawapa wanakemia wake kazi ya kuzitengeneza zote: stavudini, lamivudini na nevirapini. Na hapa tazameni ajabu ya sheria. Dawa hizo tatu zilikuwa chini ya makampuni matatu mbalimbali, kila moja na hataza yake. Kwa hivyo hapana kampuni ya Ulaya wala Marekani iliyoweza kuzitia zote tatu katika kidonge kimoja, ila wenye mali wote watatu wapatane, nao ni washindani wa soko. Mgonjwa alimeza rundo la vidonge kwa saa mbalimbali, vingine kabla ya chakula na vingine baada yake. Bombay, kwa sababu ya ile sheria ya 1970, hapakuwa na wa kuwazuia. Mwaka 2001 walitoa kidonge kimoja chenye dawa zote tatu, wakakiita Triomune. Mgonjwa humeza kimoja asubuhi na kimoja jioni. Hata mtu asiyejua kusoma hawezi kukosea.

Kabla ya hapo, mwezi wa Septemba mwaka 2000, Yusuf alialikwa Brussels, katika mkutano wa wakubwa wa Ulaya uliokuwa ukizungumza maradhi ya nchi maskini. Alipewa dakika chache tu za kusema. Katika dakika hizo aliahidi mambo matatu: atauza dawa tatu kwa dola 800 kwa mwaka; atazifundisha bure serikali zitakazotaka kujitengenezea wenyewe; na atatoa bure nevirapini ya kuwakinga watoto wasiambukizwe na mama zao wakati wa kuzaliwa. Waliokuwapo walinyamaza. Miezi ilipita, na wateja aliowatazamia hawakuja.

Ilikuwa mwezi wa Februari 2001 alipopigiwa simu na James Love, Mmarekani aliyekuwa akipigania bei za dawa, akimwuliza bei ya chini kabisa awezayo kuitoa. Akapiga hesabu ya gharama za kutengeneza, akasema: kwa jamaa wa Madaktari Wasio na Mipaka nitatoa kwa dola 350 kwa mwaka. Hiyo ni chini ya dola moja kwa siku. Gazeti la New York Times lilipoitangaza khabari hiyo, ulimwengu ulishtuka, kwani hapo ndipo ilipobainika tafauti iliyopo baina ya gharama ya kidonge na bei yake.

Wenye makampuni makubwa walighadhibika. Haramia, mwizi wa mali ya akili za watu, hayo ndiyo majina aliyopewa. Wala si uadilifu tukaisikiliza kauli ya upande mmoja tu. Walisema kwamba utafiti wa dawa moja hula mali nyingi mno, na dawa nyingi hufeli njiani, na kama kila kilichofaulu kitanakiliwa siku ya pili yake, nani atakubali kutafuta dawa ya maradhi yajayo? Hoja hiyo ina uzito, na Cipla yenyewe haikuvumbua hata moja katika zile tatu. Lakini mwenye kusema hivyo yampasa aseme na mengine. Ile zidovudini iliundwa mwaka 1964 na Jerome Horwitz kwa fedha za serikali ya Marekani, akitafuta dawa ya saratani. Stavudini ilitokana na kazi za chuo kikuu cha Yale. Na mwezi wa Machi 2001 mmoja wa wanachuoni walioishughulikia, mzee William Prusoff, aliandika gazetini kwamba yeye angependa dawa hiyo itolewe bure au kwa bei ndogo kwa watu wa Afrika. Wanafunzi wa chuo hicho nao walisimama, na kampuni iliyokuwa na haki ya kuiuza ikasema haitawazuia watu wa Afrika Kusini.

Afrika Kusini penyewe palikuwa na kesi. Makampuni 39 ya madawa yaliishitaki serikali ya Mandela mwaka 1998 kwa sheria iliyokusudia kurahisisha dawa. Aprili 2001, baada ya ulimwengu mzima kuwanyoshea kidole, waliiondoa kesi yao. Mwezi wa Juni bunge la Kenya likapitisha sheria iliyofungua mlango wa kuingiza dawa hizi za bei nafuu, na Novemba mataifa yaliyokutana Doha yakakubaliana kwamba mkataba wa biashara usiwe kizuizi cha kulinda afya ya watu.

Kwetu Afrika Mashariki liko jina moja la kukumbukwa, nalo ni la Dakta Peter Mugyenyi wa Kampala, aliyekuwa mkuu wa kituo cha utafiti wa tiba. Yeye aliagiza dawa za Cipla kabla ya njia kusafishwa, akijua kwamba yupo atakayezipinga kwa hoja ya hataza. Shehena ilipofika Entebbe ikazuiwa, naye akasimama kidete mpaka ikaachiwa. Tanzania ilianza mpango wake wa kuwapa wagonjwa dawa bila malipo mwaka 2004, na fedha nyingi zikitoka kwa ule Mfuko wa Dunia ulioanzishwa mwaka 2002 na kwa mpango wa Marekani wa mwaka 2003. Mwaka ule wa 2003 bei ya dawa tatu za India ilikuwa imeshuka hata chini ya dola 140 kwa mwaka, kwani viwanda vingine navyo viliingia sokoni wakashindana.

Msinidhanie kuwa nawasifu watu wasio na kasoro. Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani liliziondoa kwa muda dawa mbili za Cipla katika orodha yake, kwa kuwa majaribio ya kuthibitisha usawa wa dawa hizo na zile za asili, yaliyofanywa na wakala wa nje, hayakuwa sawa. Yakarudiwa, na mwisho wa mwaka zikarejeshwa. Stavudini iliyokuwa ndani ya Triomune ilikuja kujulikana kuwa huharibu mishipa ya fahamu na kuwakondesha watu uso na miguu, na mwaka 2009 Shirika hilo likashauri iachwe pole pole. Wako katika jamaa zetu walioishi kwa kidonge hicho na ambao nyayo zao bado huwachoma usiku. Tena kwao India serikali imekuwa ikiidai kampuni hii fedha nyingi sana, ikisema iliuza baadhi ya dawa kupita bei iliyowekwa, na kesi ikafika Mahakama Kuu kabisa ya nchi. Yusuf mwenyewe hakupata kujitia kuwa ametoa sadaka. Alisema katika dawa hizi hatafuti faida, wala hatakubali khasara. Faida ataipata kwingine, katika pumu na mengineyo. Mimi kauli hiyo yanipendeza kuliko za wanaojisifu kwa ukarimu, kwa sababu mfanyabiashara mwenye kupima kwa haki huweza kudumu, na mtoaji huchoka.

India nayo ilibidi iibadilishe sheria yake. Kwa kuwa imo katika mkataba wa biashara wa dunia, tangu Januari 2005 hataza ya kitu chenyewe imerudi kwa dawa zilizovumbuliwa baada ya mkataba huo. Zile za zamani zaendelea, lakini dawa mpya sasa hungoja rukhusa au mapatano. Kwa dawa za ukimwi mapatano yamepatikana, na mwaka 2023 Mfuko wa Dunia ulitangaza kwamba dawa bora zaidi ya siku hizi, ambayo haina stavudini ndani yake, yapatikana kwa chini ya dola 45 kwa mgonjwa kwa mwaka. Watu zaidi ya milioni 30 duniani wamo katika matibabu. Kwa maradhi mengine, kama baadhi ya saratani, ugomvi wa maandishi makubwa na madogo ungalipo, na jamaa wangali wakiuza mashamba.

Limebaki moja ambalo kijana wangu aliniuliza alipokuwa akiinuka kwenda zake: "Na sisi, Mwalimu, hatutengenezi?" Nikamwambia twatengeneza, kidogo. Pale Luzira, kando ya Kampala, kiwanda cha dawa za ukimwi na malaria kilifunguliwa mwaka 2007 na wafanyabiashara wa Uganda kwa kushirikiana na Cipla, ambayo mwaka 2013 ilichukua sehemu kubwa ya hisa. Yusuf Hamied aliuacha uendeshaji wa kampuni mwaka huo huo. Mwaka 2023 Cipla iliziuza hisa zake za Luzira kwa wenye mitaji wengine, na jina lake likaondolewa mlangoni. Mashine zingali zikizunguka. Kijana aliikunja karatasi ya vidonge vya mamake, akaitia mfukoni, akaniuliza kama ilimu ya kemia husomwa kwa miaka mingapi.